Setilaiti Haijui Njia

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu wa bodaboda na bajaji mlioacha vijiwe vyenu mchana huu, walimu na wanafunzi:

Nimeombwa nizungumze juu ya simu inayotuonyesha njia. Mimi ni mpima ardhi, na kwetu sisi mahali popote pana namba zake, kwa hiyo mnivumilie nikizitaja mbili tatu. Hoja yangu naitanguliza kabisa ili mwenye abiria anayemsubiri asiondoke mikono mitupu. Setilaiti haijui njia. Haijui Barabara ya Morogoro, haijui daraja lililochukuliwa na maji, haijui kwamba mtaa wenu leo umefungwa kwa turubai la msiba. Inachotoa setilaiti ni saa. Mengine yote mnayoyaona kwenye kioo cha simu yamewekwa na watu, na yalipokosewa, waliokosea ni watu.

Nasema hivi kwa sababu dereva akielekezwa kwenye shamba la mihogo badala ya zahanati, lawama hupelekwa mbinguni: "GPS imenipoteza." Ukichunguza, mara nyingi GPS ilifanya kazi yake barabara. Ilimwambia yuko wapi. Aliyempoteza ni ramani.

Tuanze huko juu. Wengi hudhani setilaiti hizi ni zile zile za ving'amuzi. Sizo. Setilaiti ya televisheni huwekwa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, ikazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana fundi akishalielekeza dishi lako hana haja ya kuligeuza tena. Setilaiti za GPS ziko chini yake, kilomita 20,200 hivi, na hazitulii. Kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku. Mfumo unahitaji zisizopungua 24, nao Wamarekani huwa na zaidi ya hizo, wakizitunza za akiba. Wala hawako peke yao. Warusi wana GLONASS, Umoja wa Ulaya una Galileo, Wachina walikamilisha BeiDou mwaka 2020, na simu nyingi zinazouzwa Kariakoo leo husikiliza yote minne bila kukuuliza wewe ni wa upande gani.

Kila setilaiti imebeba saa za atomiki, na usiku na mchana hutangaza maneno yale yale: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na sasa hivi ni saa fulani. Tangazo hilo husafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, likafika kwenye simu yako baada ya kama sehemu saba za mia ya sekunde. Simu hupima limechelewa kiasi gani, ikapata umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kujua ulipo, kama saa ya simu ingekuwa ya kuaminika. Lakini saa ya simu ni ya bei rahisi, na katika hesabu hii kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Kwa hiyo setilaiti ya nne huhitajika, nayo kazi yake ni kuirekebisha saa hiyo.

Wanafunzi wa fizikia watafurahi kusikia kwamba Albert Einstein naye yumo humu. Saa iliyo juu kule, mbali na mvuto wa dunia, huenda mbio kuliko ya kwetu. Kwa kuwa setilaiti yenyewe inakwenda kasi, mbio hizo za saa hupungua kidogo. Ukijumlisha yote mawili inabaki imetangulia kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Wahandisi wasingelirekebisha hilo, kosa la mahali lingekua kwa kilomita kama 10 kwa siku. Ukisikia mtu anasema nadharia hizo za Einstein hazina faida kwa mwananchi wa kawaida, mwonyeshe kijana wa bodaboda.

Sasa angalieni jambo moja. Katika mawasiliano yote haya, simu haijasema neno hata moja. Inasikiliza tu, kama redio ya mbao ya babu iliyokuwa ikipokea taarifa ya habari. Kutokana na hilo tunapata majibu ya maswali mawili niliyoulizwa hata kabla sijapanda jukwaani.

La kwanza: je, GPS inakula bando? Haili. Kinachokula bando ni ramani, ile picha ya barabara na majina inayovutwa kutoka mtandaoni kila unaposogea. Ukiipakua nyumbani au ofisini kwenye Wi-Fi, unaweza kwenda Tunduru na kurudi bila senti ya data, na kitone cha bluu kitakufuata njia nzima. Google Maps ina sehemu ya kupakua eneo unalolitaka. Programu kama Organic Maps na OsmAnd zimetengenezwa tangu mwanzo zifanye kazi bila mtandao. Betri, hiyo ndiyo italiwa kweli, kwa sababu kioo kinawaka muda wote.

Mtandao una msaada mwingine ambao wengi hawaujui. Setilaiti hutuma maelezo yake polepole mno, tarakimu 50 kwa sekunde. Kupata maelezo ya setilaiti moja huchukua nusu dakika, na orodha ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Panapo mnara wa simu, simu huyachukua maelezo hayo mtandaoni mara moja. Pasipo mnara, hasa kama simu ilizimwa kwa siku kadhaa, itabidi uisubiri. Simama mahali pa wazi, usiwe chini ya mwembe, tulia. Watu huanza kuipigapiga simu na kuizima na kuiwasha, na kila wakifanya hivyo wanairudisha mwanzo.

Swali la pili: je, setilaiti zinatuona? Hazituoni, wala hazijui kama tupo. Anayekuona ni programu iliyomo mfukoni mwako, ikiwa umeiruhusu kuchukua mahali ulipo na kuipelekea kampuni yake kupitia mtandao. Foleni nyekundu mnayoiona pale Ubungo haikupigwa picha kutoka angani. Ni simu za madereva wenyewe zinazosema, "Sisi hapa tunatambaa." Msanii mmoja wa Ujerumani, Simon Weckert, alilithibitisha hilo kwa namna iliyonichekesha sana. Mwaka 2020 alionyesha video akiburuta mkokoteni wenye simu 99 katika mitaa ya Berlin, taratibu, na Google Maps ikazipaka nyekundu barabara ambazo hazikuwa na magari. Mkokoteni mmoja ukawa foleni. Kwa hiyo anayeogopa kufuatwa asiitazame anga. Aingie kwenye mipangilio ya simu yake aone ni programu ngapi amezipa ruhusa ya kujua alipo, na ajiulize programu ya tochi inahitaji kujua alipo kwa sababu gani.

Historia nitaipitia haraka, maana mwenyekiti amekwishanionyesha saa. Mwaka 1957 Umoja wa Kisovieti uliporusha setilaiti ya Sputnik, wanafizikia wa Marekani waligundua kwamba kwa kusikiliza jinsi mlio wake unavyobadilika wanaweza kujua iko wapi. Kisha wakauliza kinyume chake: tukijua setilaiti ilipo, hatuwezi kujua tulipo sisi? Jeshi la majini likapata mfumo wa Transit kwa ajili ya nyambizi. Setilaiti ya kwanza ya GPS ikarushwa mwaka 1978. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea iliyopotea njia ilitunguliwa na Wasovieti wakafa watu 269. Rais Reagan wa Marekani akatangaza kwamba mfumo huo ukikamilika utakuwa wazi kwa raia. Ulikamilika mwaka 1995. Lakini raia walipewa uliochakachuliwa: kosa liliongezwa makusudi, mahali pakayumba kwa kama mita 100, mpaka lilipoondolewa tarehe 2 Mei 2000. Pasipo uamuzi huo hakuna ambaye angekuletea chakula mlangoni kwa kufuata kitone.

Yupo mtu mmoja ambaye sitampita haraka, kwa kuwa ni wa fani yangu. Gladys West, mwanamke mweusi kutoka Virginia, mtoto wa wakulima, aliajiriwa mwaka 1956 katika kituo cha jeshi la majini cha Dahlgren kupiga hesabu. Kazi yake ikawa umbo la dunia. Dunia si mviringo safi. Imetuna kwenye ikweta, imebonyea huku, imeinuka kule. Setilaiti ikikupa umbali, lazima uwe na umbo la kuuwekea umbali huo, na hesabu zake za kompyuta zilisaidia kulipata. Heshima alikuja kupewa akiwa bibi, mwaka 2018.

Jambo hilo la umbo si la vitabuni tu. Ramani zetu za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda, zile za karatasi ambazo bado zimo katika ofisi za halmashauri, zilichorwa kwa kipimo kiitwacho Arc 1960. GPS inatumia kingine, WGS84. Ukichukua namba za simu yako ukaziweka moja kwa moja juu ya karatasi ile, utakuwa umehama kwa takriban mita 300. Simu haikukosea, na mzee aliyechora ramani hakukosea. Wanaongea lahaja mbili tofauti za namba. Mita 300 katika pori ni kitu kidogo. Katika mpaka wa viwanja ni kesi ya miaka kumi. Kwa hiyo nawaomba, msiamue ugomvi wa shamba kwa simu. Simu nzuri chini ya anga wazi hukosea mita 5 hivi, na mtu amewahi kukatwa panga kwa mguu mmoja wa mpaka.

Mita 5 zenyewe ni pale anga likiwa wazi. Mawimbi haya yanafika ardhini yakiwa dhaifu kupindukia. Katikati ya maghorofa ya Posta hudunda ukutani kabla ya kufika, simu ikahesabu umbali mrefu kuliko ulio wa kweli, ndipo unajikuta umepandishwa mtaa wa pili. Kwetu sisi wa ukanda wa ikweta kuna la ziada: baada ya jua kutua, tabaka la juu la hewa huchafuka, mawimbi yakayumba. Na kwa kuwa ni dhaifu, ni rahisi kuyazima au kuyaghushi. Mwaka 2024, wakati wa vita, watu waliokuwa Tel Aviv walifungua simu zao zikawaambia wako uwanja wa ndege wa Beirut.

Basi, tumeshajua tulipo. Sasa twende njiani.

Aprili 1498 Vasco da Gama alikuwa Malindi. Meli zake zilikuwa na vyombo vya kupimia jua na kujua latitudo. Kwa maana hiyo alikuwa na GPS ya zama zake. Hata hivyo alikwama, akaomba kwa mfalme wa Malindi mtu wa kumvusha mpaka India, akapewa rubani, na kufikia Mei 20 wakawa mbele ya Calicut. (Vitabu vingi vya shule husema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid. Wanahistoria wengi siku hizi hawakubali, nami nakubaliana nao.) Mreno hakukosa kujua alipo. Alikosa mtu azijuaye pepo za msimu na bahari iliyo mbele yake.

Simu zetu ziko katika hali hiyo hiyo. Nairobi, mpaka mwaka 2009, Kibera yenye watu wengi vile ilikuwa karibu patupu kwenye ramani. Kitone kingekuonyesha umesimama mahali pasipo kitu, ilhali mbele yako kuna shule, kinyozi, msikiti na bomba la maji. Vijana wa pale pale walichukua vipokezi vya GPS, wakatembea uchochoro kwa uchochoro, wakaandika. Mradi ukaitwa Map Kibera. Baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi kila njia na kila kituo, zaidi ya njia 130. Ramani ikachapishwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata abiria wakaziona njia za matatu ndani ya Google Maps.

Hapa Dar es Salaam tuna Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi, walizunguka kata zinazofurika wakichora nyumba, vichochoro na mifereji. Mifereji! Hakuna setilaiti itakayokuambia mfereji wa Tandale umeziba kwa taka. Anayejua ni mama anayeishi kando yake. Kazi hiyo iliingizwa katika OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na yeyote anaweza kuitumia. Organic Maps niliyoitaja inakula kutoka chungu hicho.

Ramani isipohudumiwa huua. Novemba 2024, karibu na Bareilly nchini India, watu watatu walianguka na gari kutoka kwenye daraja la mto Ramganga. Ilielezwa kwamba walikuwa wakifuata programu ya ramani. Sehemu ya daraja ilikuwa imekwishachukuliwa na mafuriko, na programu bado ilikuwa na daraja zima. Kitone kilikuwa sahihi mpaka ukingoni. Nanyi mnajua masika yetu yanavyofanya makalvati, kwa hiyo sihitaji kueleza zaidi.

Kuna upungufu wa namna nyingine, wa majina. Mwaka 2022, kabla ya sensa, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa ikapewa vibao. Ni hatua kubwa. Lakini ukimuuliza mtu anakaa wapi, bado atakuambia: shuka sheli, vuka kiplefti, uliza kwa Mpemba. Mimi siwacheki wanaoelekeza hivyo. Maelekezo hayo yamebeba habari ambazo kibao hakina, na programu yenye akili ingeyasikiliza. Tatizo lake ni moja: gari la wagonjwa haliwezi kusimama saa nane usiku likiuliza kwa Mpemba.

Nimeahidi kuwapa ndugu zangu wa vijiweni mambo ya kutumia kesho. Mteja akitaka kukutumia lokesheni, mwambie atazame kwanza ule mduara wa bluu unaozunguka kitone, kwenye simu yake si kwenye yako. Ukubwa wa mduara ndio ukubwa wa mashaka. Mwambie atoke nje, asubiri mduara usinyae, ndipo atume. Wateja wengi hutuma wakiwa bado kwenye daladala, dereva akafika kituoni, wao wako nyumbani wanaoga. Kama mshale wako unaelekea nyuma, zungusha simu hewani kama unachora nane. Dira ya ndani imevurugwa na sumaku, na baadhi ya vishikio vya simu vya kwenye usukani vina sumaku. Na usipokee njia ya gari kama wewe ni wa pikipiki, wala ya pikipiki kama umepakia mzigo wa Fuso.

Wanaotumia namba, jihadharini na alama ya kutoa. Dar es Salaam iko latitudo −6.8, longitudo 39.28. Sisi tuko kusini ya ikweta, ile alama ndiyo inayotuweka huku. Ukiisahau, mzigo wako unakwenda nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia. Ukizigeuza namba, ya pili ukaitanguliza, umeupeleka Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, kwao da Gama. Nimeziona barua rasmi zenye makosa yote mawili.

Na mahali msipopajua, ulizeni watu. Kijana anayeona aibu kuuliza kwa sababu ana simu ya laki nane hanifurahishi hata kidogo.

Ombi langu kwa kikao hiki ni la kazi. Kila mmoja wenu anajua angalau kitu kimoja ambacho hakimo kwenye ramani: zahanati mpya, kisima, njia ya mkato inayopitika kiangazi tu, daraja lililokatika. Kukiingiza huchukua dakika chache na simu hiyo hiyo mliyonayo. Watendaji wa kata, daraja likivunjika msiishie kuandika barua kwa wahandisi. Mtafuteni kijana mmoja alifunge kwenye ramani siku hiyo hiyo, kabla giza halijaingia. Walimu wa jiografia, wapeni wanafunzi kata yao waichore badala ya mito ya Amerika Kusini. Mimi nitabaki hapa mpaka saa kumi na moja. Wenye simu zenye chaji wasogee mbele, tuanze na barabara ya kwenda kituo cha afya, kwa sababu nimeitafuta asubuhi hii na haimo.